Fuata Jedwali

Ofisini walimwita Bi Jedwali, na jina hilo halikumuudhi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akipanga namba kwenye karatasi ndefu zenye mistari, na kompyuta zilipoletwa aliendelea kuzipanga kwa mkono kwanza, halafu ndipo akaiambia mashine. Alisema mashine ikikosea inalala usingizi wake kama kawaida. Yeye akikosea hali wala halali, anazunguka nyumba nzima akifunga milango iliyofungwa tayari.

Kazi yake, ukiulizwa mbele ya wakwe, haielezeki kirahisi. Alikuwa akihesabu joto la hewa ya sayari ya Zuhura, kilomita moja baada ya nyingine, kutoka chini hadi mawinguni. Hewa ikipanda inatanuka, na ikitanuka inapoa. Aliyewahi kupanda mlima na fulana moja analijua hilo bila kusoma. Swali ni inapoa nyuzi ngapi kwa kila kilomita. Shemeji zake walimuuliza kuna nani huko anayehitaji kujua achukue sweta au aliache. Alicheka nao, akarudi kwenye karatasi zake.

Sasa, vitabu vya shule vina gesi moja yenye tabia njema kupita kiasi. Chembe zake hazina unene, hazivutani, hazijuani hata kwa salamu. Ipashe moto ndani ya chombo kilichofungwa, presha itapanda kwa hesabu ileile mwanzo hadi mwisho. Bi Jedwali aliiita gesi ya kitabuni. Gesi za kweli hazina adabu hiyo. Ukizisonga, hasa zikiwa baridi, chembe zinaanza kushikana, na hewa ya namna hiyo ikipanda hutumia sehemu ya joto lake kuachanisha chembe zilizokumbatiana. Hapo nyuzi za kila kilomita zinabadilika.

Alitumia miaka minne kutafuta zinabadilika kiasi gani kwenye hewa ya Zuhura, ambayo karibu yote ni hewa ukaa, ileile tunayoitoa puani. Chini kabisa imebanwa mara tisini na mbili ya hewa yetu, na joto lake ni nyuzi mia nne sitini. Jibu lilipotoka lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu, chini ya nusu nyuzi kwa kilomita. Kule chini chembe zimesongamana kweli, lakini joto linazikimbiza hata hazipati muda wa kushikana. Kule juu kuna baridi, lakini hewa ni nyembamba na chembe zimeachana mbali. Wenzake walimtania kwamba amekula mshahara wa miaka minne kuthibitisha kwamba hakuna cha kuthibitisha. Naye neno moja likamkaa kichwani: kwa Zuhura, gesi ya kitabuni inatosha. Hapo ndipo kosa lilipopanga chumba, likakaa kimya kama mpangaji mwema.

Ghorofa mbili chini ya jengo lao kulikuwa na tangi la chuma lenye kimo cha mtu mzima. Humo waliingiza vyombo vya kupimia vilivyotengenezwa kwa ajili ya safari ya huko, wakajaza hewa ukaa, wakapasha moto mpaka ndani kukawa Zuhura tupu. Ubavuni tangi lilikuwa na dirisha la kioo kinene, upana wake kama kisahani cha kikombe. Kila robo saa fundi wa tangi alitakiwa kusogeza uso pale na kuangalia kama raba za kuzibia chombo bado zinashika.

Fundi huyo alikuwa mdogo wake, na nyumbani hawakuwahi kumwita jina jingine ila Kitinda. Mama yao alipofariki Kitinda alikuwa na miaka sita na dada yake kumi na tisa. Dada ndiye aliyemfunga kamba za viatu, akamfundisha kusoma, akamchapa alipotoroka shule, na mwishowe akamwombea kazi. Sasa Kitinda alikuwa jitu la miaka thelathini na moja lenye ndevu, lakini dada akisema kaa, magoti yalikunjika kabla akili haijauliza sababu.

Alipoanza kazi, miaka kumi na moja nyuma, geji ya presha iliyokuwapo ilikuwa mbovu. Tangi likipata moto, sindano yake ilipanda kuliko ukweli. Kitinda aliuliza afanye nini namba zisipolingana. Dada yake, akiwa na haraka ya kikao, alimjibu kwa maneno mawili: fuata jedwali. Baada ya miaka mitatu geji ilibadilishwa, ikaletwa nzuri yenye uso mweupe. Amri haikubadilishwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba ilikuwa amri.

Wiki ninayoisimulia, pampu ya kujazia hewa ilikufa. Kawaida yao ilikuwa kupasha tangi tupu kwanza, halafu kusukuma hewa ndani mpaka presha itimie. Bila pampu hilo haliwezekani, na wenye chombo kilichokuwa kikijaribiwa walikuwa wanakuja Ijumaa kuona matokeo. Bi Jedwali akatoa wazo, na lilikuwa wazo zuri: wafungulie mitungi ya hewa ukaa moja kwa moja kwenye tangi la baridi, wafunge, kisha moto wenyewe upandishe presha. Waanze na presha ngapi? Alihesabu chai ikiwa bado inafuka. Thelathini na nane kwenye baridi, tisini na mbili kwenye moto. Alitumia gesi ya kitabuni, kama mtu anavyovaa kandambili kwenda dukani. Akaandika jedwali jipya, akalibandika ukutani, akamwambia Kitinda awashe saa mbili asubuhi ya kesho yake.

Yeye mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa na miadi kliniki.

"Nenda tu, dada," Kitinda alimwambia mlangoni. "Hilo tangi nalijua kuliko godoro langu."

Kliniki ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao na foleni isiyosogea. Kufika saa tano kasoro robo, mbele yake walibaki watu tisa. Fundi wa vizima moto alikuwa akipita ukutani, anaangua mtungi mwekundu, anauweka kwenye mizani ndogo, anaandika kwenye kikaratasi, anaurudisha. Bi Jedwali hakuweza kuona mtu anaandika namba bila kumuuliza.

"Kwa nini unapima uzito? Si uangalie geji?"

"Hiki hakina geji, mama," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Vya unga ndivyo vina geji. Hiki ni cha hewa ukaa. Geji ingekudanganya."

"Ingedanganyaje?"

"Hii gesi haina ukweli. Ukiibana ikiwa ya baridi inajikunyata, nyingine inalala chini kabisa kama maji. Unasoma presha unasema imejaa kiasi fulani, kumbe ndani imo zaidi. Sisi tunaamini kilo peke yake."

Akaandika kilo zake, akahamia mtungi wa pili.

Bi Jedwali alibaki ametazama mahali mtungi ulipokuwa. Halafu akili ikafika. Zuhura nzima, kutoka chini hadi mawinguni, haina mahali penye baridi na msongamano kwa pamoja. Tangi lao asubuhi hii lilikuwa navyo vyote viwili. Sayari aliyoisoma miaka yote haikuwa na mahali kama pale, kwa hiyo hakupaangalia.

Aligeuza kadi ya kliniki akaandika nyuma yake. Namba za kweli za gesi ile alizijua kwa moyo. Si bure miaka minne. Kwenye baridi ya chumba, presha ya thelathini na nane inabeba hewa zaidi ya ile ya kitabuni, zaidi kwa robo nzima. Ilipaswa kuwa thelathini na moja. Na robo hiyo ya ziada haipotei. Joto likipanda, chembe zinaachiana, zinadai nafasi zao zote. Mwisho wa safari haungekuwa tisini na mbili. Ungekuwa mia moja kumi na nane.

Kioo cha tangi kilikuwa na kibati kilichoandikwa kisizidi mia moja kikiwa cha moto. Vali ya usalama, ile ya kuachia hewa presha ikizidi, ilikuwepo, ila haikuwahi kufunguka hata mara moja tangu ifungwe, na hakuna aliyejua kama bado inaikumbuka kazi yake. Akahesabu tena. Hita ilipandisha nyuzi mia kwa saa, tangu saa mbili. Presha ingefika mia kwenye nyuzi mia tatu sitini hivi. Hiyo ni saa tano na dakika ishirini.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika nane. Kabla ya hiyo tano na dakika ishirini, Kitinda angesogeza uso kwenye kioo mara mbili.

Alipiga simu. Kitinda hapatikani, kule chini hakuna mtandao, na simu zote huachwa kwenye droo ya juu. Akapiga getini.

"Shuka chini sasa hivi, mwambie mdogo wangu atoke," alimwambia mlinzi.

"Taa nyekundu imewaka, mama. Ikiwaka hakuna anayeshuka. Si wewe ndiye uliyebandika tangazo?"

"Ndiyo mimi. Nalifuta. Shuka."

"Sawa, nitagonga. Lakini feni zile zinanguruma, hatasikia."

"Basi zima umeme wa jengo."

"Mama, huku juu kuna majokofu ya wale wa maabara ya mbegu. Nikizima nimemwaga unga. Niletee hata kikaratasi kimoja cha mkuu."

Mkuu alikuwa safarini. Bi Jedwali alikata simu akatoka mbio, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye ugonjwa wa presha, kiatu kimoja kikilegea. Nyuma yake nesi alikuwa akiita namba yake. Akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, akamwambia dereva aende kama anavyokwenda mwizi.

Njiani aliona kila kitu kwa uwazi unaotisha: muuza matairi anapepea nzi, mwanamke anaanika mashuka, taa ya barabarani inakataa kugeuka kijani. Aliogopa kuliko siku mama yao alipokata roho, kwa sababu siku ile hakuwa amefanya kitu. Leo ndiye aliyejaza lile tangi. Ndiye aliyemwambia mtoto aliyemlea asogeze uso wake pale. Alijaribu kumwomba Mungu, akajikuta anahesabu nyuzi.

Alifika saa tano na dakika kumi na tatu. Mlinzi alikuwa amesimama juu ya ngazi, mikono kichwani.

"Nimegonga mpaka ngumi imeuma."

Bi Jedwali alimpita. Ngazi zilikuwa thelathini na mbili na hakuikumbuka hata moja. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa kwa ndani na taa nyekundu iliwaka juu yake. Aligonga kwa viganja, akaita, na sauti yake ikamezwa na ngurumo za feni. Kulia kwa mlango kulikuwa na kisanduku kikubwa cha umeme. Hakuwaza majokofu wala mbegu za mtu. Alishika mkono wa swichi kuu kwa mikono miwili, akauangusha.

Giza liliingia kwa mpigo, na feni zikaishiwa pumzi taratibu. Ndani zikasikika hatua za Kitinda, bila haraka yoyote. Kisha chini ya mlango ukapita mwanga wa tochi, ukielekea upande wa tangi.

Dada yake alielewa mara moja. Umeme ukikatika, fundi huangalia kioo kwanza. Na hilo pia lilikuwa limeandikwa ukutani, kwa mwandiko wake yeye.

"Kitinda," aliita. Akarudia kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia zamani, mtoto akikaribia jiko la moto. "Kitinda. Acha hicho. Njoo hapa."

Mwanga ulisimama. Ndani kitu kikalia, kama kucha ikigonga glasi, mara moja tu. Halafu hatua zikarudi, komeo likavutwa, na mdogo wake akatokea na tochi mkononi na daftari kwapani.

"Dada? Si uko kliniki?"

Alimshika ukosi wa shati, akamburuta ngazini kama mzigo. Walipofika nje kwenye jua, dada akakaa chini kwenye changarawe mbele ya wafanyakazi wote waliotoka kuuliza nani amekata umeme.

"Kioo kimelia," Kitinda alisema taratibu. "Nilikuwa hatua mbili kutoka pale."

Jengo likaondolewa watu wote. Presha haikuweza kupunguzwa, maana bomba la kutolea hewa lilipitia kwenye pampu, na pampu ilikuwa vipande mezani. Ilibidi tangi liachwe lipoe lenyewe. Walikaa ng'ambo ya barabara, wakilitazama jengo ambalo halikuonyesha dalili yoyote ya ubaya, na kila gari lililopita kwa kishindo lilimrusha Bi Jedwali roho. Alimweleza Kitinda yote: kosa, gesi ya kitabuni, baridi ya chumba, mtungi wa kliniki. Alimwomba msamaha, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. Kitinda aliona aibu, akawa anachimba changarawe kwa ncha ya kiatu.

"Mtu yeyote anakosea, dada. Yameisha."

Alasiri, baada ya saa tano za kusubiri, hofu ilikuwa imepungua kiasi cha kuweza kufikiri. Hapo ndipo alipokumbuka geji. Geji ilikuwa nzima, kwenye ubao wa mlangoni nyuma ya ukuta wa matofali unaoukinga na tangi, mbele ya macho ya Kitinda, tangu saa mbili asubuhi.

"Nipe daftari," alisema.

Kurasa zilikuwa safi, mwandiko aliomfundisha yeye mwenyewe. Saa, joto, na safu ya mwisho: presha ya geji. Saa nne, sitini na tatu. Saa tano, sabini na tano. Zililingana na jedwali bila hata kupishana moja.

"Geji ilisoma hivi?"

"Hapana." Kitinda alijibu bila wasiwasi. "Geji saa nne ilisema sabini na sita. Saa tano ilisema tisini na tano. Nikajua imeanza tena ule ugonjwa wake."

"Kwa hiyo ukaandika zangu."

"Nilisahihisha."

"Umekuwa ukisahihisha tangu lini?"

Kitinda alimtazama kama anayeulizwa jina lake. "Tangu mwanzo, dada. Si ulisema nifuate jedwali. Zikipishana, naandika ya jedwali."

Bi Jedwali alifunga daftari. Juu ofisini kwake kulikuwa na madaftari kama hilo ya miaka kumi na moja, na kwa sababu ya hayo watu walikuwa wamempongeza: angalieni, tangi linakubaliana na hesabu zake kila mara. Halikuwahi kukubaliana na chochote. Lilikuwa likimrudishia sauti yake mwenyewe. Lakini hilo halikumtisha kama lile jingine. Mdogo wake alikuwa ameiona presha ya tisini na tano kwa macho yake mawili, na akaenda kuweka uso kwenye kioo.

Saa kumi na moja umeme wa taa peke yake ulirudishwa, na wakashuka hadi kwenye ubao wa mlangoni, nyuma ya matofali, kuona kama tangi limepoa vya kutosha. Kipimajoto kilionyesha nyuzi mia mbili. Sindano ya geji ilikuwa imetulia juu ya sabini, nene na nyeusi, hata mtu asiye na miwani angeiona. Kando yake karatasi ya jedwali ilikuwa bado imebandikwa.

"Nisomee presha, Kitinda," alisema. "Unachokiona wewe."

Kitinda alisogea, akaiinamia geji. Kisha macho yake yakahamia kwenye karatasi, kidole kikashuka kwenye safu mpaka mstari wa nyuzi mia mbili.

"Hamsini na tisa," alisema, akamgeukia dada yake kuona kama amepata.